Kurekebisha mwelekeo wa taa za zenoni: anzia nyuma ya gari, malizia kwenye skrubu

Kuna usiku mmoja, kati ya Chalinze na Segera, kila lori nililopishana nalo liliniwashia fulu. Nilikuwa nimedimu. Dereva mmoja wa basi hakuiondoa fulu yake mpaka tukapitana, nami nikashikilia ukingo wa lami kwa kubahatisha, sioni kitu. Sikumlaumu hata wakati ule. Mtu hafanyi hivyo bila kuumizwa macho.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa gereji. Nililalamika kwamba sioni mbali usiku, na fundi akaniinulia taa: alisimama mbele ya boneti, akazungusha skrubu huku akitazama mwanga kwenye ukuta wa jirani, akasema tayari. Kumbe taa hazikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa nyuma, chini ya gari, ambako kijiti chembamba kama penseli kilikuwa kimechomoka. Gari lilikuwa linadhani limebeba mzigo mkubwa muda wote, kwa hiyo likawa linainamisha taa. Wiki iliyofuata nilipokirudisha kijiti mahali pake, taa zikapanda zenyewe na kumulika matawi ya miembe.

Tangu hapo nafanya kazi hii mwenyewe, na naifanya kwa mpangilio mmoja: skrubu huja mwisho. Mwongozo huu ni wa gari lililotoka kiwandani na taa za zenoni, zile ambazo mafundi wengi wanaziita HID. Utahitaji ukuta, futi ya kupimia, chaki au utepe wa karatasi wa wapaka rangi, uzi wa mwashi, bisibisi ya nyota, na watu wawili wa kukusaidia.

Kwa nini sentimita moja ya ukutani ni kubwa barabarani

Balbu ya zenoni haina waya unaowaka ndani. Ina kijichupa cha kioo chenye gesi ya zenoni na chumvi za metali, na umeme unaruka kati ya ncha mbili kama radi ndogo isiyokatika. Ili cheche ya kwanza iruke, balasti, kile kisanduku cha umeme cha taa, hupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi zaidi ya volti 20,000. Balbu ya aina ya D2S inakula wati 35 tu lakini inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,200 hivi. Halojeni ya H7, balbu ya kawaida yenye waya unaowaka, inakula wati 55 na kutoa kama lumeni 1,500. Yaani mwanga zaidi ya mara mbili. BMW ndiyo iliyoanza kuziweka kwenye gari la kuuzwa, kwenye 7 Series ya mwaka 1991, na baadaye kanuni za Ulaya zikataka kila taa ya kudimu yenye balbu inayozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujiinamisha yenyewe gari linapobebeshwa, pamoja na kifaa cha kuosha kioo cha taa. Waliona mapema kwamba mwanga wa aina hii ukikosea njia, unaumiza.

Mwelekeo wa taa hupimwa kwa asilimia. Asilimia 1 maana yake mwanga unashuka sentimita 1 kwa kila mita 1 unayokwenda mbele. Taa ikiwa sentimita 65 kutoka ardhini na mwanga ukishuka asilimia 1, ukingo wake wa juu unagusa lami mita 65 mbele ya gari. Ukishuka asilimia 1.5, unagusa kwenye mita 43. Sasa linganisha na breki: kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, kwenye lami kavu, ukihesabu na ile sekunde moja ya kushtuka, gari zuri linahitaji kama mita 57 kusimama. Kwa hiyo aliyeinamisha taa kwa kuogopa kuwaudhi wenzake naye yuko hatarini; punda amelala katikati ya njia, na wewe utamwona umeshachelewa.

Upande wa pili ni huu. Chukua gari hilohilo, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uwe mita 2.6. Weka magunia matatu ya mchele kwenye buti, nyuma ishuke sentimita 5. Gari limeinua pua kwa karibu asilimia 1.9. Mwanga uliokuwa unashuka asilimia 1 sasa unapanda karibu asilimia 0.9, na ukifika mita 50 mbele uko kwenye kimo cha sentimita 110. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo anayekuja. Sentimita 5 tu za springi, na umempofusha mtu.

Chunguza kabla hujagusa kitu

Taa haihami yenyewe. Ikiwa imehama, kuna kilichoihamisha, na ukizungusha skrubu bila kukijua utakuwa unaficha kosa moja kwa kosa jingine.

Anza nyuma. Magari mengi ya Japani yenye zenoni na mtambo wa kujirekebisha yana sensa ya kimo, kifaa kinachopima gari limekaa juu kiasi gani, karibu na gurudumu la nyuma, imefungwa kwenye bodi. Mengine yana na ya mbele pia. Kutoka kwenye sensa kunatoka mkono mfupi, na mkono huo umeunganishwa na kontroli amu, yaani mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, kwa kijiti chenye kibolu (kiungo cha mviringo) kila ncha. Gurudumu likipanda au kushuka, kijiti kinausukuma mkono, sensa inatuma habari, na mota ndogo ndani ya taa inainua au kuinamisha mwanga. Ingia chini na tochi, gari likiwa limezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Kishike kijiti kwa vidole viwili ukichezeshe. Kinatakiwa kizunguke kwenye vibolu vyake bila kukwama na bila kuchomoka. Matope na chumvi ya pwani hukigandisha kwa kutu, na mara nyingi utakuta kibolu kimeshikana kabisa na mkono wa sensa umepinda. Ukikuta waya umekatika au soketi imejaa maji, hiyo ni kazi ya fundi umeme, na taa zisubiri.

Swali la pili ni spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kuinua gari. Barabara zetu zimewafanya watu wengi kuinua magari kwa spesa za springi au kubadilisha springi zenyewe, na wengi huinua nyuma pekee kwa sababu ndiko kunakogonga. Gari lililoinuliwa nyuma linaangalia chini. Sensa haijui habari za spesa; yenyewe inaona kimo tofauti na kile ilichofundishwa kiwandani. Ukiwa umeinua gari au umebadilisha sensa, inabidi kwanza gari lipimwe kwa kompyuta na sensa ifundishwe upya sifuri yake, halafu ndipo uende ukutani. Usikubali kuambiwa kwamba skrubu itatosha. Skrubu itakupa mwelekeo mzuri gari likiwa tupu, halafu siku ya safari na familia mtambo utarekebisha kwa hesabu isiyo sahihi.

Sasa nenda mbele. Fungua boneti, shika taa kwa mikono miwili uitikise. Taa nzima ikicheza, vishikio vyake vimevunjika, na kwa gari lililowahi kugongwa hilo ni jambo la kawaida. Wengine huvibandika kwa gundi na baada ya mwezi vinaachia. Angalia kioo. Kikiwa cha njano au kina ukungu, mwanga utatawanyika hata ukiupanga vipi, kwa hiyo kipigwe polishi kwanza. Mwisho, kama balbu imebadilishwa karibuni na mwanga wa upande mmoja umepinda au una doa jeusi, huenda balbu haijakaa kwenye mapengo yake.

Hapo kwenye balbu nakuomba uwe mwangalifu. Kurekebisha mwelekeo hakuhitaji kugusa waya hata mmoja. Ikibidi kuitoa balbu, zima taa, chomoa funguo, subiri dakika kadhaa ipoe, na usiguse kioo chake kwa vidole. Usijaribu kuiwasha ikiwa nje ya taa. Volti zinazoiwasha zinaweza kuua. Na balbu za D1 na D2 zina zebaki kidogo ndani, kwa hiyo iliyokufa isitupwe pale watoto wanapocheza.

Kuandaa gari

Hapa hakuna maneno mengi. Upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, matairi yote manne. Buti iwe tupu isipokuwa tairi la akiba na jeki. Mafuta yawe nusu tangi au zaidi. Mtu mmoja mwenye uzito wa kilo 70 hadi 75 aketi kwenye kiti cha dereva, maana taa hazimuliki gari lisilo na dereva. Gari lenye gurudumu la mkono la kupandisha na kushusha taa kwenye dashibodi, liweke kwenye 0.

Kisha lisukumesukume gari mbele na nyuma mara mbili tatu, likandamize kwenye kona zote nne liruke kidogo, liache litulie. Shokapu zikiwa ngumu au bushi za kontroli amu zimekauka, gari linaweza kubaki limenyanyuka kwa sentimita moja bila wewe kujua.

Kuandaa ukuta: usiuamini uwanja

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo usiwe na haraka.

Fundi mwashi mzuri hasakafii uwanja wa nje ukawa levo kabisa. Anauachia mwinamo wa asilimia 1 au 2 ili maji ya mvua yakimbie. Huo ndio ukubwa uleule wa kitu unachokwenda kupima! Jicho halitauona. Uwanja wa mpira wa kikapu uko hivyo, kituo cha mafuta kiko hivyo, na barazani kwako ni hivyohivyo. Ndiyo maana mimi napenda sakafu ya ndani ya godauni, milango ikiwa wazi ili moshi utoke.

Mwinamo wenyewe si tatizo ikiwa ni mmoja tangu magurudumu ya nyuma mpaka ukutani. Gari na sakafu vitakuwa vimeinama pamoja, na vipimo ukivichukua kutoka sakafuni vitakuwa sahihi. Tatizo ni pale gari linaposimama kwenye mwinamo mmoja na sehemu ya mbele yake kuna mwingine. Pima kwa uzi: mtu mmoja aushikilie sakafuni nyuma ya tairi la nyuma, mwingine auvute mpaka chini ya ukuta, ukaze. Pita kando yake ukiinama. Uzi ukiacha nafasi ya zaidi ya sentimita moja mahali popote, au sakafu ikiusukuma juu, tafuta mahali pengine. Fanya hivyo kwa upande wa kushoto na wa kulia.

Ukikosa kabisa sakafu iliyonyooka, kuna njia ya waashi. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji bila kuacha mapovu. Kwanza hakikisha kwa mpira huo kwamba magurudumu manne yapo levo moja, na kama hayapo, panga mbao chini ya magurudumu yaliyo chini. Halafu weka maji ya ncha moja sawa na katikati ya taa, na ncha ya pili iweke ukutani. Maji yatakuonyesha kimo cha taa ukutani, hata kama katikati kuna bonde. Inachukua nusu saa zaidi, lakini haidanganyi.

Sasa alama. Sogeza gari polepole mpaka karibu liguse ukuta, likiwa limenyooka. Tafuta katikati ya kila taa ya kudimu; kwenye projekta, yaani taa inayorusha mwanga kupitia lenzi, ni katikati ya lenzi hiyo ya duara, na taa nyingi zina kitone kidogo au msalaba kwenye kioo kinachoonyesha mahali hapo. Weka alama ukutani mbele ya kila kitovu. Bandika utepe wa wima kupitia kila alama, na mmoja mrefu wa mlalo unaopita kwenye alama zote mbili. Kisha rudi nyuma moja kwa moja, usukani usiguswe, mpaka umbali kati ya kioo cha taa na ukuta uwe mita 10. Eneo likibana, mita 5 zinatosha. Pima kwenye taa zote mbili: ikiwa kulia ni mita 5 na kushoto ni mita 5 na sentimita 8, gari limekaa kishingo, lirudishe upya.

Sasa kipimo chenyewe. Kwenye magari mengi utakuta namba karibu na taa au kwenye kibandiko ndani ya boneti, kwa mfano 1.0% au 1.3%, pembeni ya kijichoro cha taa inayomulika chini. Hiyo ndiyo amri ya aliyelitengeneza gari, ifuate. Ikiwa haipo, taa iliyo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini hupangiwa kati ya asilimia 1 na 1.5, na zile zilizo juu ya mita moja, kama za malori, kati ya 1.5 na 2. Kwa gari dogo la kawaida mimi natumia 1. Kwa hiyo kwenye mita 10 bandika utepe wa pili wa mlalo sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Kwenye mita 5, sentimita 5 chini.

Kuusoma mwanga na kuzungusha

Washa injini, washa taa za kudimu, subiri dakika nzima. Zenoni inaanza na mwanga wa bluu hafifu kisha inakolea, na mota za taa nazo zinahitaji muda kukaa mahali pake. Kwenye magari mengi utaona mwanga ukishuka halafu ukipanda mara tu unapowasha. Ukiona upande mmoja unacheza na mwingine umetulia tuli, mota ya upande uliotulia au waya wake una tatizo, rudi kwenye uchunguzi.

Kwa nchi zinazoendesha kushoto, kila taa itachora ukutani umbo hili: upande wa kulia ukingo umenyooka kama umekatwa kwa kisu, giza juu, mwanga chini, ukifika karibu na katikati unapinda na kupanda kuelekea kushoto. Pale unapopinda napaita kiwiko. Sehemu iliyonyooka ndiyo inayowalinda wanaokuja, na sehemu iliyopanda ndiyo inayokuonyesha watembea kwa miguu na vibao vya barabarani upande wako. Utepe mwembamba wa bluu au zambarau juu ya ukingo ni kawaida ya lenzi, usikusumbue.

Fanya taa moja baada ya nyingine. Msaidizi asimame na boksi la katoni mbele ya taa usiyoifanyia kazi, hatua moja mbali nayo. Usiifunike kwa nguo, joto litaharibu kioo cha plastiki, na usichomoe soketi yake.

Kwenye taa nyingi za Kijapani skrubu zipo nyuma ya taa, mbili kwa kila upande, na hazionekani kama skrubu: utaona kigurudumu kidogo cheupe chenye meno, na juu yake tundu au mfereji wa kuelekeza bisibisi. Chomeka bisibisi ya nyota kutoka juu mpaka ncha yake ing'ate meno, kisha zungusha. Magari ya Ulaya mara nyingi yanataka bisibisi ya pembe sita. Moja ya skrubu hizo inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka kushoto na kulia. Usijifanye unajua ipi ni ipi. Zungusha robo tu, tazama ukutani, kariri. Na kila unachozungusha kihesabu, ukiandika, ili uweze kurudi ulikotoka.

Anza na juu na chini: leta ukingo ulionyooka mpaka ulale juu ya utepe wa pili. Halafu kushoto na kulia: kiwiko kikae kwenye utepe wa wima wa taa hiyo. Rudi tena juu na chini, kwa sababu skrubu ya pembeni mara nyingi huuvuta mwanga kidogo. Mzunguko wa mwisho uwe wa kukaza, yaani ukipita alama, legeza zaidi kisha ukaze ukiikaribia, ili ule ulegevu wa meno usibaki ukakurudishia mwanga njiani.

Ikiwa bisibisi inazunguka na mwanga hausogei, au unasikia meno yakiruka, acha mara moja. Plastiki ya taa ya miaka kumi na tano imekauka. Ndani, mwisho wa skrubu kuna kibolu kinachoshika kiakisio, kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga, na kikichomoka taa itabidi ifunguliwe.

Ukimaliza taa zote mbili, toa boksi utazame pamoja. Kingo mbili zilizonyooka ziwe kwenye mstari mmoja na viwiko viachane kwa umbali uleule ulio kati ya taa za gari. Fulu kwa kawaida haina kazi ya ziada: kwenye taa ambayo balbu moja inafanya yote mawili, ni kipazia tu ndani ya projekta kinachofunguka, na kiini cha mwanga kitakuwa katikati chenyewe.

Jaribio la buti

Hili nimelipenda kuliko yote, na linachukua dakika mbili. Gari likiwa bado mbele ya ukuta, injini inaunguruma, waambie wale wasaidizi wawili wakae kwenye ukingo wa buti. Mwanga utapanda ukutani, kwa mita 10 unaweza kupanda zaidi ya kiganja. Sasa subiri. Mtambo ukiwa mzima, ukingo utaanza kushuka na kurudi karibu na utepe. Mwingine unashuka papo hapo. Mwingine unajifikiria sekunde kadhaa. Washuke, mwanga utazama halafu urudi juu. Usipoona lolote, zenoni yako haina anayeichunga, na kila ukibeba watu wanne na mizigo utakuwa unawamulika wenzako usoni hata kama leo umepima kwa uangalifu wote.

Kwa gari lenye gurudumu la mkono, fanya jaribio hilohilo ukizungusha gurudumu mpaka ukingo urudi kwenye utepe. Andika namba uliyofikia na ibandike kwenye dashibodi. Ndiyo utakayoitumia ukisafiri na mzigo.

Magari ya upande mwingine wa barabara

Kiwiko cha taa hakibadiliki kwa skrubu. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama lile lililonunuliwa Dubai au Ujerumani, linapandisha mwanga kuelekea kulia, na likija Dar es Salaam, Mombasa au Kampala linaupeleka moja kwa moja kwa anayekuja. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi: kule wanaendesha kulia, lakini magari mengi yamekuja kutoka Japani na usukani wa kulia, na taa zao zinapandia kushoto, ambako ndiko wenzao wanakotokea.

Unaweza kutambua taa ni ya upande upi kwa kusimama mbele ya gari na kusoma maandishi madogo kwenye kioo cha taa. Kwenye taa zenye alama za Ulaya, ile herufi E ndani ya duara, mshale unaoelekea kulia kwako maana yake taa ni ya nchi zinazoendesha kushoto. Bila mshale, ni ya nchi zinazoendesha kulia. Mshale wa pande mbili, inafaa kote. Hapohapo utaona DC kwa taa iliyotengenezewa zenoni na HC kwa iliyotengenezewa halojeni.

Baadhi ya projekta za Ulaya zina kifaa kidogo ndani kinachoufanya mwanga uwe bapa kwa ajili ya wasafiri. Kitafute nyuma ya kifuniko cha taa au kwenye menyu ya gari. Kama hakipo, suluhisho ni taa za upande sahihi. Kuusukuma mwanga pembeni kwa skrubu kunakupa giza pale unapohitaji kuona, na mwanga uliopanda unabaki umepanda.

Ikiwa kioo kimeandikwa HC na ndani kuna zenoni

Basi umewekewa seti ya HID kwenye taa ya halojeni, na nitasema wazi: haipangiki. Kiakisio cha halojeni kimechorwa kwa waya unaowaka mahali fulani hasa, kwa ukubwa fulani. Cheche ya zenoni ina umbo jingine na imekaa kidogo pembeni, kwa hiyo mwanga unamwagika kila upande. Ukutani hutaona ukingo wala kiwiko, utaona wingu. Ukiiinamisha mpaka wenzako wasiumie, wewe mwenyewe huoni mita 30. Rudisha halojeni nzuri mpya, kioo kikiwa kisafi, utaona vizuri kuliko unavyodhani.

Barabarani

Usiku uleule nenda barabara iliyonyooka, yenye giza, isiyo na msongamano. Fuata gari dogo kwa umbali wa kawaida: ukingo wa mwanga wako ukae chini ya kioo chake cha nyuma, kwenye usawa wa bampa au namba ya gari. Tazama vibao vya kushoto, viwake kabla hujavifikia. Ukikutana na magari kumi na hakuna aliyekuwashia fulu, mwelekeo umekaa. Likikuwashia moja kwenye kilele cha mlima au kwenye tuta, hilo ni la barabara. Wakikuwashia watatu kwenye tambarare, rudi ukutani, uanze kupima sakafu upya kabla ya kushika bisibisi.

Mimi nimeacha alama za rangi kwenye ukuta wa godauni ninapofanyia, na msumari sakafuni unaoonyesha mita 10. Nikibadilisha matairi ya ukubwa tofauti, springi, shokapu au kile kijiti cha nyuma, naenda hapo jioni, naegesha, na ndani ya dakika kumi najua kama kuna kilichohama.